Uadilifu wa Mkristo hutangulia uchaguzi wa kazi

VIJANA wengi wa Kikristo wanapomaliza masomo hujiuliza swali moja: Mungu anataka wafanye kazi gani? Maombi hufanywa, ushauri hutafutwa, na mara nyingi wazazi huwa tayari wamekwisha kuchagua udaktari, sheria au uhasibu. Hata hivyo, Biblia inasema machache kuhusu kazi ambayo mtu anapaswa kuichagua, na mengi kuhusu mwenendo wa yule atakayeifanya.

Mfano ulio wazi umo katika Injili ya Luka, sura ya 3. Watoza ushuru na askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamuuliza wafanye nini. Watoza ushuru walichukiwa na Wayahudi wa wakati huo, na askari waliogopwa. Pamoja na hayo, Yohana hakumwamuru yeyote aache kazi yake. Aliwataka watoza ushuru wasitoze zaidi ya kiwango kilichowekwa, na askari wasidhulumu watu, wasishitaki kwa uongo, tena watosheke na mishahara yao. Kilichotakiwa kubadilika kwanza ni tabia.

Hii haina maana kwamba kila kazi ni halali, wala kwamba elimu na ujuzi havina thamani. Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, kinamsifu Bezaleli kwa ufundi wake na kuuita karama ya Mungu. Suala hapa ni lipi litangulie. Ujuzi humfikisha mtu kazini. Uadilifu ndio huamua atafanya nini akiwa huko.

Yusufu anauthibitisha ukweli huo. Kitabu cha Mwanzo kinaeleza kuwa alikuwa na miaka 17 habari zake zinapoanza, na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Katika miaka hiyo 13 aliuzwa, akawa mtumwa na kisha mfungwa. Hakuna hata nafasi moja aliyoichagua mwenyewe. Zaidi ya hayo, uaminifu wake katika nyumba ya Potifa ulimponza, akatupwa gerezani. Kwa hiyo anayedhani kuwa ucha Mungu ni njia ya mkato ya kupandishwa cheo amekosea.

Katika karne iliyopita, mwanariadha wa Uskoti, Eric Liddell, alitarajiwa kung'ara katika mbio za mita 100 kwenye Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1924 mjini Paris. Alipofahamu kuwa mchujo ungefanyika Jumapili, siku aliyoitenga kwa ibada, alijitoa miezi kadhaa kabla ya michezo. Badala yake alikimbia mita 400 na kutwaa medali ya dhahabu kwa sekunde 47.6. Mwaka uliofuata aliacha umaarufu huo akaenda China kuwa mwalimu na mmisionari, ambako alifia katika kambi ya wafungwa ya Wajapani mwaka 1945 akiwa na miaka 43.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Liddell hakusubiri siku ya mashindano ndipo aamue. Hali kadhalika Danieli, ambaye aliazimia moyoni mapema asijitie unajisi katika jumba la mfalme.

Kinyume chake pia kimeonekana nchini Tanzania. Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki iliyobaini watumishi wa umma zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi. Njia ya mwongo ni fupi, hata ikipita ofisini.

Kwa mkazi wa mjini mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto, kukataa rushwa au kukataa kusaini hesabu za uongo kunaweza kumgharimu ajira. Ndiyo maana maandalizi huanza mapema: kuishi chini ya kipato, kuepuka madeni yanayomfunga mtu mdomo, na kuwa na ndugu wa imani wanaoweza kumuuliza waziwazi juu ya fedha zake.

Mkristo aliyejijenga hivyo anaweza kukosea kuchagua kazi na bado akabaki salama, kwa kuwa kazi hubadilishwa. Asiyejijenga, hata kazi bora kuliko zote itamwangusha.