Delta ya Tana: Nchi ya Maji ya Jirani Zetu

Sisi wa Mgwashi, huku milima ya Usambara, tunaijua mito ikiwa ingali michanga. Maji tunayapata yakitoka msituni, tunayageuza kwa mfereji yapite kwenye kabichi na maharage, kisha yanatuacha na kuteremka kuelekea Pangani. Yakishapita Korogwe hatuna tena habari nayo. Basi mtu wa milimani anayetaka kuona mto uliokomaa, uliotawanyika na unaotawala maisha ya watu mwaka mzima, hana haja ya kwenda hadi Misri. Avuke Horohoro tu, aingie Kenya, aende kwenye delta ya Mto Tana.

Safari yenyewe si ngumu. Ukitoka Mombo alfajiri unapita Tanga, unagongewa mhuri mpakani, na usiku unalala Mombasa. Kesho yake unapanda basi la Lamu linalopitia Malindi. Ukishavuka daraja la Sabaki nchi inakauka: vichaka, mchanga, mbuzi, nyumba mojamoja. Unakwenda hivyo zaidi ya kilomita 100 mpaka njia panda ya Minjila, karibu na mji wa Garsen, na hapo ghafla kijani kinatanda mbele yako, tambarare mpaka macho yachoke. Nimezaliwa mahali ambapo hata uwanja wa mpira hauna budi kuchongwa kwenye mteremko. Sikuwa nimewahi kuona ardhi iliyolala namna ile.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya, kiasi cha kilomita 1,000. Maji yake yanatoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, yanavuka nchi kame ya Garissa, kisha hapa chini yanagawanyika na kutambaa kuelekea Ghuba ya Ungwana. Mwaka 2012 eneo hili, zaidi ya hekta 160,000, liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu duniani. Lakini orodha hiyo haimwambii mgeni jambo la kwanza analopaswa kulijua: katika delta, mahali pa juu ni ukingoni mwa mto.

Kwetu mto uko bondeni na nyumba ziko mlimani. Tana umefanya kinyume. Kila unapofurika na kuvuka kingo, mchanga mzito unaangukia palepale kando, na tope laini linachukuliwa mbali zaidi. Miaka mingi ya namna hiyo imejenga tuta refu pande zote mbili za mto, na nyuma ya tuta ardhi inashuka kuwa bonde pana la udongo mweusi wa mfinyanzi unaoweza kushika maji kwa miezi. Ndiyo maana vijiji vya Wapokomo, wakulima wa delta, vimepangana juu ya tuta, chini ya miembe mikubwa, na mashamba yako nyuma yao, chini zaidi. Ukilielewa hilo, umeielewa delta yote.

Umeelewa pia baiskeli itakusaidia wapi na itakushinda wapi. Juu ya tuta njia ni imara na sawa, na kutoka Minjila kwenda Tarasaa na Ngao unaweza kuendesha ukiwa unazungumza na mwenzako bila kuhema. Baiskeli wanazotumia wenyeji ni zile nzito za chuma zenye keria, ambazo hapa hubeba mchele, ndoo za samaki na mama mjamzito anayekwenda zahanati. Ukiiacha njia ya tuta na kukata bondeni baada ya mvua, udongo mweusi unajaa kati ya gurudumu na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Wenyeji wengi wameshayang'oa madigadi yao. Zaidi ya hapo unaibeba baiskeli begani, na ukifika kwenye maji mengi, inapakiwa kwenye mtumbwi pamoja nawe.

Kutembea kwa miguu ndiko kunakompa mtu delta yenyewe. Karibu na Ngao liko Ziwa Shakababo, mojawapo ya maziwa yaliyoachwa pale mto ulipobadili njia. Maziwa haya hulishwa na mafuriko; mto usipofurika yanapungua mpaka yanakuwa madimbwi. Asubuhi utakuta wavuvi wakitoa nyavu zenye perege na kambare, na kamongo, yule samaki anayejifukia topeni akasubiri maji yarudi. Yangeyange wamejaa majanini, korongo wanatembea polepole, mwari wanaelea kwa makundi, na juu ya mti mkavu anakaa tai mla samaki. Viboko wako, na mamba pia. Kijana wa Kipokomo aliyetuongoza alikuwa akitusogeza mbali na ukingo kila tulipokaribia matete, na hakuwahi kueleza sababu. Haikuhitaji maelezo.

Maji huja mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli ya huko nyanda za juu. Mvua iliyonyesha Nyeri au Embu ndiyo inayomlimia mtu wa Ngao ambaye kwake huenda hata wingu halijapita. Maji yakianza kushuka, Wapokomo wanafuata unyevu wake: mpunga pale palipo na maji, mahindi palipoanza kukauka, migomba na miembe juu ya tuta. Bonde likikauka zaidi yanabaki majani mabichi, na wakati huo huko nyikani hakuna hata unyasi. Ndipo wafugaji Waorma na Wawardei wanapofika na ng'ombe wao kutoka mbali, wakishuka mtoni kwa njia maalumu za mifugo zinazoitwa malka. Kwa hiyo kipande kimoja cha ardhi ni ziwa la mvuvi, kisha shamba la mkulima, kisha malisho ya mfugaji, yote ndani ya mwaka mmoja. Sijaona mahali pengine ambapo ardhi inafanya kazi kwa zamu namna hiyo, na naamini waliobuni utaratibu ule walikuwa na akili kuliko wengi wa wataalamu waliokuja baada yao.

Utaratibu huo umevunjika mara kadhaa, na mara ya mwisho kuvunjika vibaya watu walikufa. Kuanzia Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, Wapokomo na Waorma walishambuliana katika vijiji vya Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao, na zaidi ya watu 100 waliuawa, watoto wakiwamo. Ilisemwa kwamba ni siasa za uchaguzi, na siasa zilikuwamo. Lakini malka zilikuwa zimeanza kuzibwa na mashamba, na ardhi kubwa ilikuwa imekwisha kuwekwa alama na watu wa mbali. Mwaka 2008 kulikuwa na mpango wa kupanda miwa kwenye hekta zipatazo 20,000, na nyuma yake wakaja watu wa mibono ya kukamua mafuta. Kabla ya hapo mradi mkubwa wa serikali wa kumwagilia mpunga ulijengwa kwa mitaro na kuta, ukaharibiwa na mafuriko ya El Niño ya 1997. Wakulima na wafugaji, hao hao wanaogombana, waliungana kwenda mahakamani, na Februari 2013 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamuru uandaliwe mpango wa matumizi ya ardhi ya delta kwa kuwashirikisha wenyeji. Mradi wa miwa haukufika popote. Kwangu hukumu ile ni kielelezo kizuri kwa Afrika Mashariki yote, na inastahili kusomwa hata Lushoto.

Delta si ugomvi tu. Wapokomo ni watu wachache katika Kenya, lakini kila Mkenya anayesimama kwa wimbo wa taifa anaimba sauti yao: sauti ya wimbo huo, ulioanza kutumika mwaka 1963, ilitokana na bembelezo la mama wa Kipokomo.

Kutoka Garsen barabara ya Lamu inavuka mto kuelekea mashariki mpaka Witu. Mji huu mdogo ulikuwa usultani, chini ya Ahmed aliyeitwa Simba, na mwaka 1885 Wajerumani waliuweka chini ya himaya yao. Mwaka 1890 walipatana na Waingereza: Witu ikaenda kwa Waingereza, wao wakabaki na bara letu, Usambara ikiwamo. Mwaka huo huo Waingereza waliuchoma moto mji wa Witu baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa pale. Hivyo waliojenga Wilhelmstal, ambayo leo ndiyo Lushoto, ni wenzao wa hao waliouacha mji huu wa tambarare.

Watawala wa Witu ndio pia waliobadili njia ya mto. Katika karne ya 19 walichimbisha mfereji mwembamba, Belezoni, kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi ili mitumbwi ipite kutoka huku kwenda kule. Mafuriko yakaupanua. Mwishowe Tana wenyewe uliingia humo, ukaacha sehemu ya njia yake ya zamani, na leo maji yake mengi yanatokea Kipini. Ukisimama Kipini unaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yakiingia baharini, mikoko huku na huku. Huko ndiko wenyeji wanakosema amezikwa Fumo Liyongo, shujaa na malenga ambaye Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi juu yake mwaka 1913. Kwa msomaji wa Kiswahili, Kipini ni mahali pa kuzuru hata kama hajali ndege wala samaki.

Lakini Kipini na kijiji cha Ozi ndiko pia mtu anakoona ugonjwa wa delta. Wakulima wa Ozi wameacha mashamba ya mpunga yaliyowalisha babu zao, kwa sababu chumvi imepanda. Mto ukiwa na nguvu huisukuma bahari; ukidhoofika, bahari inaingia. Huko juu Kenya imejenga mabwawa matano ya umeme mfululizo, kuanzia Kindaruma la 1968 hadi Kiambere la 1988, na kubwa la kuhifadhi maji, Masinga, lilikamilika 1981. Bwawa la Ndakaini, juu ya kijito cha Tana, ndilo linaloinywesha sehemu kubwa ya Nairobi. Umeme na maji ya mji ni haki ya watu. Hata hivyo bwawa linashika mafuriko na kushika tope, na hivyo viwili ndivyo delta inavyoishi navyo. Sasa kuna mpango wa bwawa jingine kubwa zaidi, High Grand Falls.

Nasi tusijione tuko mbali. Maji yetu yanaingia Pangani, mto uliofungwa kwa bwawa la Nyumba ya Mungu tangu miaka ya 1960 na kwa mitambo ya umeme ya Hale, na wakulima wa Pangani mjini wanalalamikia chumvi ile ile.

Atakayekwenda achague Julai hadi Septemba, maji yakiwa yameshuka na njia zimekauka. Abebe pasi ya kusafiria, chandarua na dawa ya mbu. Kabla ya kupanda gari la Witu aulize hali ya usalama, kwa kuwa barabara ile imewahi kushambuliwa. Aajiri kijana wa kijiji, amlipe vizuri, na asiingie bondeni kabla ya kumwona mzee wa mahali. Ukingoni mwa maji asitembee baada ya magharibi.