Kijani gani cha kifaru?

Msomaji mpenzi, yako mambo ambayo mtu huyaona ni mchezo wa watoto mpaka yamfike mlangoni. Mpwa wangu, mtu mzima mwenye mke na kazi yake, ana mapenzi ya kuunganisha vifaru vidogo vya plastiki, vya jeshi la Usovieti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwezi uliopita alinijia baada ya Isha na makopo matatu ya rangi, yote kijani. "Mjomba," akaniuliza, "lipi katika haya ndilo?"

Nilimcheka. Kijani si kijani tu? Lakini aliponieleza, nikanyamaza.

Kifaru chenyewe ni T-34, kilichoanza kutoka viwandani mwaka 1940. Urefu wake ulikuwa karibu mita 6. Hicho cha mpwa wangu kimepunguzwa mara 35, hata shibiri hakifiki. Rangi rasmi ya jeshi lile ilikuwa kijani cha kujifichia, kikiitwa 4BO. Jina lilikuwa moja, ama rangi haikuwa moja. Wajerumani walipoivamia Usovieti tarehe 22 Juni 1941, kiwanda cha Kharkov kilifungwa virago, mashine na mafundi, kikahamishiwa Nizhny Tagil, kwenye milima ya Ural. Vifaru hivyo vikaundwa pia Stalingrad, Gorky na Chelyabinsk. Ilikuwa rangi ya mafuta, ikipakwa kwa haraka ya vita, kisha ikapigwa na jua, vumbi na theluji. Aliyepata kupaka chombo cha baharini anajua: rangi ya leo si rangi ya mwakani, japo kopo ni lile lile.

Basi tukakaa kitako kupima mashahidi. Chuoni tulifunzwa kwamba habari haipokewi mpaka ijulikane imetoka kwa nani, naye aliipata wapi.

Shahidi wa kwanza ni picha. Nyingi ni nyeusi na nyeupe, na humo kijani na hudhurungi huweza kuwa kijivu kimoja. Za rangi ni chache, nazo hubadilika kwa kuzeeka. Shahidi wa pili ni kifaru chenyewe, kilichowekwa katika makumbusho au juu ya jukwaa la ukumbusho mjini. Huyu anaonekana mkweli, lakini vingi vimepakwa rangi upya mara kadha wa kadha tangu vita vilipokwisha. Unachokiona ni chaguo la fundi wa juzi. Shahidi wa tatu ni kigaga cha rangi ya kale, kilichobaki chini ya matabaka, mahali pasipofika brashi. Huyu ndiye mwenye nguvu zaidi. Hata hivyo naye apimwe, kwani mafuta ya rangi yakikaa gizani miaka mingi hugeuka manjano.

Tena yako majira. Wakati wa theluji vifaru vilipakwa weupe wa chokaa au chaki juu ya kile kijani, nao ukioshwa theluji inapoyeyuka. Sisi watu wa pwani chokaa hatuelezwi: huchujuka kwa mvua na hufutika kwa kuguswa. Kwa hiyo kifaru cha mwezi Machi kilikuwa na mabaka, si cheupe wala si kijani. Na mwaka 1945, kwenye vita vya Berlin, vingi vilipigwa mstari mweupe kuzunguka kichwa chenye mzinga, ili ndege za marafiki zisivishambulie. Mtu asifungue kopo kabla ya kujiuliza: mwaka gani, mahali gani, mwezi gani?

Liko na jambo la macho. Kitu kidogo kikipakwa rangi ile ile ya kitu kikubwa huonekana cheusi zaidi. Ndipo mafundi wa vifaru hivi wakatia tone la nyeupe. Mpwa wangu mwishowe aliliacha kopo lenye kung'aa, akashika lile la kijani cha zeituni, akalififiza kidogo.

Nikamwuliza: "Taabu yote hii ya nini, mwanangu?" Akanijibu: "Mjomba, humu ndani walikaa watu wanne. Wengi hawakutoka. Nikibahatisha kwa uvivu, ni kama kulikosea jina la maiti." Watu wa Usovieti waliokufa katika vita vile hukadiriwa kuwa milioni 27.

Kisha akainua macho ukutani, ilipo picha ya babu yangu mzaa mama, aliyekwenda Burma na jeshi la KAR mwaka 1944. Picha ni nyeusi na nyeupe. "Na sare hii ya babu," akaniuliza, "ilikuwa rangi gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikula na mzee yule sahani moja miaka mingi, nikamwuliza habari za pweza na za mashairi. Hilo sikumwuliza.

Kwa hayo ninakuaga, msomaji, kwa ubeti mmoja:

Rangi si ya kukisia, kama huna mashahidi,
Wazee wakisalia, waulize kwa juhudi,
Picha huja kufifia, na chuma kutu huzidi,
Kesho utapojutia, aliyekwenda harudi.