Je, Wajua? Saba na Wapenzi Wake

Muulize mtu wa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, namba aipendayo. Usishangae akikujibu saba. Mwandishi Mwingereza Alex Bellos aliwauliza watu zaidi ya 30,000 duniani, na matokeo ya mwaka 2014 yaliiweka 7 kileleni, 3 ikifuata. Kwa nini? Kati ya 2 na 10, ni saba pekee isiyogawanya mwenzake yeyote wala kugawanywa naye. Haina ndugu, basi inajitenga na kuvutia.

Kwetu Tanzania kuna la ziada: chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, ndiyo Sabasaba. Siku hiyo iliwahi kuwa ya wakulima pia, kabla hawajapewa Nanenane yao.