Kufufua Matrekta ya Bustani ya Zamani

Trekta la bustani ni dogo, huendeshwa na mtu mmoja akiwa amekaa, na hutumika kukata nyasi, kulima vitalu na kusukuma theluji nyumbani. Nchini Marekani matrekta haya yalishamiri baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kampuni ya Wheel Horse ilianza mwaka 1946 huko Indiana. International Harvester ikatoa Cub Cadet mwanzoni mwa miaka ya 1960, na John Deere ikafuata na modeli 110 mwaka 1963.

Wakusanyaji huyapenda kwa uimara wake. Cub Cadet ya kwanza ilikuwa na injini ya Kohler ya nguvu za farasi 7, yenye silinda moja ya chuma cha kusubu. Silinda ikilika, huchongwa upya na kuwekewa pistoni kubwa kidogo.

Kazi huanza kwa kusoma kibao cha namba ya mashine, ili vipuri viagizwe sawasawa. Injini iliyokwama hailazimishwi: plagi hufunguliwa, mafuta ya kulegeza kutu humiminwa ndani ya silinda na kuachwa siku kadhaa, kisha injini huzungushwa taratibu kwa mkono. Kabureta husafishwa utando wa petroli ya zamani, na platini husuguliwa hadi cheche irudi.

Rangi huja mwisho. Bati hupigwa msasa, hupakwa rangi ya msingi, kisha rangi ya kiwanda: njano na nyeupe kwa Cub Cadet, nyekundu kwa Wheel Horse. Wapo wanaoiacha rangi ya awali hata ikiwa imepauka, kwani ikishabanduliwa hairudi.