Kufuli Tatu za Kiandutu

Sanduku ni la bati, rangi ya buluu, na lina kufuli tatu. Funguo wanazo wanawake watatu, wala hakuna hata mmoja wao anayelala nyumba moja na sanduku. Nilifika Kiandutu, huku Thika, kutafuta habari nyingine kabisa. Sanduku likanizuia.

Kabla halijafunguliwa, mwenyekiti wa chama cha akiba humwita mwanachama yeyote na kumuuliza: mara iliyopita tulifunga na shilingi ngapi? Asiyejua hutozwa faini. Ndiyo maana kila mmoja hapa hutembea na salio kichwani, hata yule asiyejua kusoma. Kisha kufuli hufunguliwa, pesa zikamiminwa kwenye karai la plastiki, wawili wakahesabu, mmoja akataja jumla kwa sauti hadi wa nyuma asikie. Hakuna anayegusa simu.

"Mwanangu, kwenye chama mwizi si shida kubwa," akaniambia mweka hazina, muuza mboga aliyeomba nisimtaje jina. "Shida ni siku watu wataanza kuona haya kuuliza. Hapo hata ufunge kufuli kumi."

Mtindo huu wa kuweka akiba ulianzia Niger mwaka 1991, kupitia shirika la CARE, ukaenea nchi nyingi za Afrika. Mweka hazina huyu alifundishwa na jirani, si na chuo.

Nikamtajia chuo kimoja cha usimamizi. ESAMI, kilichoko Arusha, kilianza mwaka 1974 kuwanoa mameneja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: reli, bandari, posta, ndege. Jumuiya ilivunjika 1977, na hadi 1984 nchi tatu zilikuwa bado zinagawana mali zake. Lakini chuo hakikugawanywa. Mwaka 1980 kilipanuliwa kuwa cha mashariki na kusini mwa Afrika, na sasa serikali 10 zinakimiliki, Kenya ikiwemo.

Akasikiliza mpaka mwisho, akifunga kufuli ya tatu.

"Kwa hivyo ni chetu pia?"

Chetu, nikamjibu.

"Basi funguo anazo nani? Na sisi tutaulizia wapi salio?"

Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo. Ninachojua ni kwamba kozi za uongozi huwafikia zaidi maafisa wa serikali na mashirika, ilhali mama huyu anasimamia mikopo, riba, faini na ugomvi wa watu ambao hawana benki nyingine. Hiyo nayo ni kazi ya meneja, na anaifanya bila mshahara.

Sisemi wapelekwe Arusha. Kozi fupi ya Kiswahili hapa hapa Thika, kwa waweka hazina wa vyama, ingetosha kuanzia. Kenya ni mmoja wa wamiliki. Wajumbe wetu wanaoketi kwenye vikao vya chuo hicho wakaliombe hilo, na wakirudi watueleze walivyojibiwa.