Kirushio cha Ndege za Karatasi: Ufundi na Lugha ya Kuueleza

Maelekezo ni miongoni mwa tungo za kiuamilifu ambazo wanafunzi wengi wa Kiswahili huzichukulia kuwa nyepesi. Aghalabu hatua hupangwa moja baada ya nyingine, vitenzi vikawekwa katika hali ya kuamuru, na kazi ikahesabiwa kuwa imekamilika. Hata hivyo, maelekezo hayapimwi kwa ufasaha wa sentensi pekee. Kipimo chake halisi ni iwapo mtu ambaye hajawahi kukiona kitu kinachoelezwa anaweza kukiunda na kikafanya kazi. Makala haya yanaeleza namna ya kuunda kichezeo kimoja cha mbao, yaani kirushio cha ndege za karatasi, na kuonyesha mahali ambapo maelezo yenyewe yanaweza kumponza msomaji.

Yafaa kuanza na majina. Kitenzi ‘ruka’ huzaa ‘rusha’, nacho ‘rusha’ huzaa ‘rushia’. Kutokana na hicho cha mwisho hupatikana ‘kirushio’, nomino ya ngeli ya KI-VI yenye maana ya kitu cha kurushia. Jina hili ni la chombo kizima. Sehemu ndogo inayoizuia ndege kisha kuiachia inastahili jina lake, na ‘kifyatulio’ linafaa, kwa kuwa kufyatua ni kukiachilia ghafla kitu kilichokuwa kimebanwa au kuvutwa, kama ifanyavyo kamba ya mtego. Ama ndege yenyewe, hapa imewekwa katika ngeli ya I-ZI kama chombo cha usafiri, wala si A-WA kama kiumbe mwenye manyoya.

Chini ya mabawa ya ndege ya karatasi pana mkunjo unaoning’inia, ule unaoshikwa kwa vidole wakati wa kurusha. Waandishi wengine huuita ‘sehemu ya chini’, wengine ‘tumbo’. Waundaji wa majahazi wa pwani walikwisha kulimaliza suala hili kitambo: ule uti wa chini wa chombo huitwa mkuku. Vivyo hivyo, ncha mbili za ubao wa kirushio zikiitwa ‘mbele’ na ‘nyuma’, msomaji aliyeugeuza ubao mikononi hawezi kujua mbele ni ya ubao au ni yake. Zikiitwa omo na tezi kama za jahazi, utata huo hauzuki. Ni ajabu kwamba lugha yenye hazina hii huambiwa mara kwa mara kuwa haina istilahi za ufundi.

Kirushio huhitaji ubao wa saipresi wenye urefu wa sentimita 50, upana wa sentimita 8 na unene wa sentimita 2, uliopigwa randa na msasa usiache vibanzi. Kwenye omo, sentimita 2 kutoka ukingoni, hupigiliwa misumari miwili ya inchi moja, mmoja kila upande, ikiachana kwa sentimita 6. Kila msumari huachwa umechomoza sentimita moja na ushei. Mpira mwembamba wa kufungia noti hukatwa ukawa ugwe mmoja, kisha ncha zake hufungwa kwenye misumari hiyo, sentimita 10 zikibaki baina yake. Mpira utalegea kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakikana.

Kwenye tezi huwekwa kifyatulio, ambacho ni kibanio cha nguo cha mbao. Hapa ndipo penye mtego wa kwanza. Agizo la kwamba kibanio kigundishwe ubaoni halitoshi. Sharti kilazwe ubavu, mdomo wake ukielekea omo, na mkono mmoja tu ndio upakwe gundi. Mikono yote miwili ikigundishwa, kibanio hakitafunguka kamwe.

Ndege hukunjwa kwa karatasi ya kawaida ya A4, ambayo uzito wake ni takriban gramu 5. Umbo linalofaa ni lile refu lenye mabawa membamba na mkuku wa sentimita 3, ili mabawa yapite juu ya misumari. Sentimita 3 kutoka puani, mkuku hukatwa mkato mfupi wa kuushikia mpira. Sentensi ‘kata mkuku kwa mshazari’ haina kosa lolote la kisarufi, lakini ina maana mbili. Mkato ukianzia ukingo wa chini ukapanda kuelekea pua, mpira utatulia ndani yake ukiivuta ndege, na utateleza nje wenyewe ndege inapoupita. Mkato ukipanda kuelekea mkia, mpira utachomoka kabla ya kazi kuanza, na ndege itabaki ubaoni huku mtengenezaji akikilaumu kibanio kisicho na hatia. Maneno mawili tu, ‘kuelekea pua’, ndiyo yanayotofautisha maelekezo yanayofaa na yasiyofaa. Mahali hapo pia hubandikwa utepe wa gundi, maana karatasi tupu hupasuka.

Ndege ikisha kuwa tayari, mpira huingizwa katika mkato, ndege ikavutwa hadi tezi na mkia wa mkuku ukabanwa na kibanio. Ubao huinuliwa kidogo upande wa omo, kisha kibanio hubinywa. Kishawishi cha kutumia mpira wa tyubu ya baiskeli ni kikubwa, hasa kwa waliolelewa na manati, lakini nguvu hiyo huzidi kiasi: mabawa hupepesuka au mkuku huchanika. Ndege inayoinua pua ikapinduka hurekebishwa kwa kukunja kidogo kingo za nyuma za mabawa ziangalie chini; inayotumbukia hukunjwa ziangalie juu. Isielekezwe kwenye nyuso za watu.

Si lazima kirushio kiushinde mkono kwa umbali. Mnamo mwaka 2012, huko California, Joe Ayoob aliirusha kwa mkono ndege ya karatasi iliyobuniwa na John Collins ikafika mita 69.14. Faida ya kirushio ni kwamba hakichoki wala hakipendelei: mvuto wa mpira ni karibu ule ule kila mara, kwa hiyo ndege mbili zilizokunjwa kwa namna mbili zinaweza kulinganishwa kwa haki. Mpira hulegea kadiri unavyotumika, na ni vyema ubadilishwe kabla ya kila mashindano.