Mpaka ukifungwa, bei huenda njia mbili

Machi 5, 2021, Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama Namanga. Siku tano baadaye, Machi 10, mahindi yaliruhusiwa tena kwa masharti: mwingizaji asajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni.

Zuio lilikuwa fupi, lakini kwa anayevusha nafaka lina somo la kudumu. Tukio moja la mpakani husukuma bei pande mbili tofauti kwa wakati mmoja.

Upande wa muuzaji, mzigo haukupungua. Waliopungua ni wanunuzi. Uhitaji ukishuka namna hiyo, bei inashuka na kiasi kinachouzwa kinashuka pia. Mkulima anayedaiwa huuza kwa hasara, mwenye stoo husubiri. Upande wa mnunuzi, walaji ni walewale na ugali ni uleule, lakini mzigo umepungua. Hapo bei inapanda ilhali kiasi kinachouzwa kinashuka. Mwenye akiba ghalani Nairobi huvuna bila kupanda. Kufa kufaana.

Ndiyo maana bei peke yake haitoshi kumwongoza mfanyabiashara. Bei hupanda kwa sababu mbili. Ikipanda huku magunia mengi zaidi yakiuzwa, wanunuzi wameongezeka, na soko lina uwezo wa kupokea mzigo zaidi. Ikipanda huku magunia yanayouzwa yakipungua, tatizo ni uhaba, na uhaba unaweza kwisha siku lango likifunguliwa au mavuno yakiingia. Aliyejaza lori kwa bei ya uhaba anaweza kufika sokoni akakuta wenzake mia wamefika kabla yake.

Kalenda ya mavuno nayo ni ya kutazamwa. Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania huvuna kati ya Mei na Agosti. Uganda huvuna mara mbili: katikati ya mwaka, kisha mwishoni mwa mwaka. Trans Nzoia na Uasin Gishu, ghala la Kenya, huvuna kuanzia Oktoba hivi. Miezi kabla ya mavuno hayo ndiyo ambayo wasagaji wa Kenya huhitaji zaidi mahindi ya jirani. Mavuno yao yakiingia, pengo la bei hupungua, na nauli inaweza kumeza faida yote.

Mahindi yana nafuu moja: yakikaushwa vizuri huhifadhika, hivyo mwenye mtaji anaweza kungoja. Nyanya haingoji. Ikikwama mpakani siku tatu, huuzwa kwa bei yoyote au humwagwa.

Kabla ya kupakia, basi, ni vyema kuuliza mambo matatu: magunia mangapi yanauzwa soko unakokwenda, si bei tu, nani anavuna mwezi ujao, na bei uliyotajiwa ni ya gunia la uzito gani. Kenya hutaja bei kwa gunia la kilo 90, Tanzania wengi hutaja la kilo 100. Asiyegawanya kwa kilo hukosea hesabu ya faida.